Kwa nini alijichora ameketi

Moshi, Jumapili jioni

Mwanangu,

Picha uliyonitumia kwenye simu nimeitazama siku tatu sasa. Unauliza kwa nini Frida Kahlo, yule mchoraji wa Mexico, alijichora kwenye kiti cha magurudumu, na brashi alikuwa nayo mwenyewe, angeweza kujichora amesimama.

Tazama mikono kwanza. Mkono mmoja umeshika kibao cha rangi, ila kibao chenyewe ni moyo wa mtu, na mishipa yake. Mwingine una brashi zinazodondosha wekundu. Kando yake ni picha ya Dk. Juan Farill, aliyemfanyia upasuaji wa uti wa mgongo mara saba, alipolazwa miezi tisa Mexico City mwaka 1950. Alipotoka akaichora hii, 1951. Mwanangu, huyu yuko kazini. Kiti ndicho anachofanyia kazi.

Sasa shuka kwenye sketi. Polio ya utotoni, akiwa na miaka 6, ilimwachia mguu wa kulia mwembamba; ajali ya basi ya 1925 ikamalizia mgongo. Humu miguu yote imefunikwa na sketi ndefu nyeusi. Kiti amekionyesha, mguu ameuficha. Hapo ndipo niliposhikwa.

Unaijua picha yangu ya sebuleni, yenye chungu cha maua. Hujawahi kuuliza chungu kinafanya nini pale. Nilikuwa na miaka 19, nimevaa gauni nililolishona mwenyewe, na mikanda ya chuma changu cha mguu, cha hospitali ya KCMC, nimeipaka kiwi mpaka inang'aa. Mpiga picha hakusema neno. Alikiburuta kile chungu akakiweka mbele ya goti langu, akarudi kwenye kamera yake, akaniambia cheka kidogo. Nikacheka. Kilio nilikianza nilipofika kwenye basi.

Siku ile ningeulizwa, pengine ningesema mguu ufichwe. Hilo silikatai. Lakini sikuulizwa. Frida alijiamulia mwenyewe: hiki kionekane, hiki kifunikwe. Ndiyo maana sikubaliani na wanaoiita picha ya maumivu, wakaishia hapo.

Ukija Krismasi nipige picha nikiwa kwenye cherehani. Iwe asubuhi, mwanga unapoingia kwa dirisha la upande wa mlima. Mguu mmoja utakuwa kwenye pedeli, na wenye chuma nitaunyoosha pembeni, gauni nimelipandisha kidogo.

Mama yako