Umelala? Basi Muziki Umefanya Kazi Yake

Wiki iliyopita msomaji mmoja alinitumia ujumbe. Naunukuu alivyouandika, jina tu ndilo nimeliondoa: "Kaka, ile albamu unayoisifia kila siku nimeitafuta. Piano ileile dakika kumi na saba, ngoma hakuna, besi hakuna, anayeimba hakuna. Nimelala kabla haijafika nusu. Mimi nataka kuishi kwa muziki, sasa hii inanifundisha nini?"

Nilimjibu kwa ufupi, halafu jibu langu mwenyewe halikunitosha. Najua wengi mnaosoma hapa mnataka anachokitaka yeye: kutengeneza kitu kitakachosikilizwa hadi mnapata wajukuu. Kwa hiyo nalijibu hadharani.

Albamu yenyewe ni Ambient 1: Music for Airports, ya Mwingereza Brian Eno, mwaka 1978. Nyimbo nne, dakika kama 48 hivi, na nyimbo zenyewe hazina hata majina. Wa kwanza unaitwa 1/1, unaofuata 2/1, kisha 1/2 na 2/2: namba ya wimbo na upande wa santuri, basi. Baadhi ya wahakiki wa wakati ule waliusikia ubaridi tu. Mwaka 2016 jarida la Pitchfork lilipopanga albamu 50 bora za ambient, yaani muziki wa kutulia nyuma ya shughuli kama huu, tangu zianze, hii ndiyo waliyoiweka namba moja. Kati ya miaka hiyo miwili ni biti ngapi kali zimekuja na kupotea? Zangu zimo.

Kwanza, mdogo wangu, kulala si tusi kwa albamu hii. Eno mwenyewe alishaandika kwenye maelezo ya santuri kwamba muziki wa namna hii unapaswa kumruhusu mtu kuusikiliza kwa makini au kuupuuza kabisa, na pande zote mbili apate kitu. Wewe umepata usingizi. Rudi kesho ukiwa macho.

Msidhani pia kwamba huyu alikuwa mtawa wa kimyakimya. Hadi 1973 alikuwa Roxy Music, bendi ya roki yenye mikogo, yeye akiwa na manyoya na vipodozi jukwaani. Kwa maelezo yake, mambo yalibadilika mwanzoni mwa 1975, alipogongwa na gari London akawa wa kulala kitandani. Rafiki yake akamletea santuri ya muziki wa kinubi wa karne ya 18, akaondoka, santuri ikabaki inazunguka. Sauti ilikuwa chini mno, spika moja haitoi kitu, nje mvua inanyesha, na mgonjwa hana nguvu za kunyanyuka kwenda kuongeza. Akasikiliza hivyohivyo, noti chache za kinubi zikipenya kwenye mvua. Mwaka huohuo akatoa albamu ya Discreet Music.

Kisha ikaja siku ya uwanja wa ndege wa Köln, Ujerumani. Asubuhi ya jua, jengo zuri, saa kadhaa za kusubiri ndege, na kwenye spika muziki wa ovyo. Nadhani sote tumekaa mahali kama hapo tukaudhika, tukaondoka, tukasahau. Yeye alikaa akajiuliza muziki wa mahali pale ungepaswa kuwaje. Masharti aliyoyaeleza baadaye ndiyo nataka myaandike ukutani studio kwenu. Uweze kukatizwa wakati wowote, kwa sababu matangazo lazima yapite. Usikae kwenye masafa ya sauti ya mtu anayeongea, wala usiende kwa mwendo wa maneno, ili watu waendelee na mazungumzo yao. Uelewane na kelele za uwanja. Na uhusiane na mahali pale na kilichowaleta watu pale, yaani kuruka, kuelea na, chinichini, kucheza na kifo. Mtu anayesubiri ndege ana hofu ambayo hamwambii jirani yake. Muziki wa kuchekacheka unamzidishia.

Hakuna sharti hata moja hapo linalomhusu msanii. Yote yanamhusu mtu aliyekaa kwenye kiti. Huo ndio ushauri wangu mkubwa leo, na wavivu wa kusoma mnaweza kuishia hapa: jua muziki wako utamkuta nani, wapi, akiwa katika hali gani, ndipo uwashe laptopu.

Mimi nililijua hilo kwa gharama. Nimekulia Manzese, nimetengeneza biti za singeli zilizopigwa kwenye vigodoro hadi alfajiri, za mapigo 200 na ushee kwa dakika, na sijutii, zililipa kodi. Ila riziki ya uhakika ilikuwa kazi ya fundi mitambo, zamu ya usiku, kwenye kituo kimoja cha redio ambacho sikitaji. Waliokuwepo wanajua. Usiku wa manane hakuna mtangazaji, ni wewe na kompyuta na orodha ya nyimbo iliyopangwa mchana na watu waliolala. Nikawa nawaza: anayesikiliza redio saa tisa usiku ni nani? Mlinzi. Dereva wa lori. Anayemuuguza mtu wodini. Nawapigia nini hawa? Ileile ya saa saba mchana, yenye ving'ora na kelele za "mikono juu"?

Basi usiku mmoja nikaweka 2/1. Kama hujaisikia, ni sauti za watu zikisema "aa" tu, moja baada ya nyingine, zikipishana, na katikati kimya kirefu. Haikufika dakika tano simu ya bosi ikaita.

"Mitambo imekufa?"

"Hapana bosi, ni muziki."

"Muziki gani? Hilo ni friji linaimba. Toa."

Nikatoa. Asubuhi kikao, mbele ya watu, nikaulizwa kama niko sawa kichwani. Tangu siku hiyo jina langu pale likawa Friji. Hadi leo kuna watu wa fani hii wananipigia simu wakianza na "Oya Friji", na hizo simu huwa nakata. Mnaweza kusema nina kinyongo. Sawa. Ila niwaambie ambacho kikao kile hakikutaka kukisikia: kwenye simu ya studio ulikuwa umeingia ujumbe wa mlinzi wa ghala moja la pembezoni mwa mji, anauliza wale akina mama walikuwa wanaimba nini, na mbona wamekatishwa. Nilimsomea bosi ujumbe ule. Akasema mlinzi halipii matangazo.

Kazi niliacha baadaye kwa sababu nyingine ambazo hazina utamu wowote, tuziruke.

Akina mama wale niliwafuatilia. Ni wanawake watatu, na Eno mwenyewe alichanganya sauti yake humo, kwenye studio ya prodyuza Mjerumani Conny Plank karibu na Köln. Kila noti ilirekodiwa peke yake kwenye kipande chake cha kanda, kanda ikaunganishwa mwisho na mwanzo ikawa lupu. Lupu zenyewe zilikuwa ndefu hazitoshi kwenye mashine, ikabidi zizungushwe kwenye miguu ya viti vya chuma mle studio. Hapo ndipo penye ujanja: urefu wake haulingani. Moja ilirudi kila baada ya sekunde 23 na nusu, nyingine karibu 26, nyingine karibu 30. Hivyo kila sauti inarudi kwa wakati wake bila kuingojea nyingine, na hazikutani mara mbili kwa namna moja. Aliwasha mashine, akaziacha. Unaisikia kama ni utunzi mmoja uliotulia, kumbe ni noti chache zinazokosana miadi.

1/1 nayo ilipatikana bila kupangwa. Wanamuziki wanne walikuwa studio wakijaribujaribu, hata kusikiana vizuri hawasikiani. Baadaye, akipitia kanda, Eno akakuta kipande kifupi ambapo piano mbili zimeshikana bila kujuana. Robert Wyatt ndiye unayemsikia kwenye piano hapo. Kipande kikakatwa, kikafanywa lupu, kisha mwendo ukapunguzwa nusu. Enzi za kanda, ukipunguza mwendo nusu sauti nayo inashuka oktavu nzima, yaani kutoka do ya juu hadi do ya chini yake, na ule uzito mwororo wa piano umetoka humo. Wimbo wa mwisho ni sinthesaiza, mashine ya kutengeneza sauti kwa umeme, aina ya ARP 2600. Huo mimi siurudii sana, naona umepoa kuliko wenzake. Haya, nimesema.

Sasa jaribuni nyumbani, hamhitaji viti vya chuma. Chukua sauti tatu, iwe zeze, iwe marimba, iwe bibi yako akiguna. Kila moja iwe noti moja au mbili tu. Ya kwanza ijirudie kila sekunde 7, ya pili kila 11, ya tatu kila 13. Zitaanza pamoja, na zitakutana tena baada ya sekunde 1,001, yaani dakika 16 na sekunde 41. Ukiweka 17, 19 na 23 zitakutana baada ya saa mbili na dakika karibu nne. Tumia namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe, mpigie hesabu msikilizaji wako ili asichoke. Kisha fungua ikwalaiza, kile kidhibiti cha kupandisha na kushusha masafa ya sauti, upunguze kati ya hezi 1,000 na 4,000, maana matamshi ya binadamu yanategemea sana eneo hilo. Muziki ukitoka hapo, mtu anaweza kuitwa jina akasikia.

Halafu punguza. Ukishapunguza, sikiliza, punguza tena. Najua mkono unawasha kuongeza kofi pale na snea hapa. Mkono huo ndio unaoua kazi zenu. Kijana ana plagini za wizi mia mbili na wimbo wake hauna hata sekunde moja ya kupumua, halafu analalamika wasikilizaji hawarudi. Warudi wapi? Umewaachia kiti gani?

Nayasema haya kwa sababu mwaka huu yamenilipa. Kuna kliniki ya meno mjini, mwenye nayo ni mama mmoja daktari, mkali lakini anasikiliza. Alikuwa ameweka televisheni pale mapokezi na wagonjwa wanagombania rimoti. Aliponiita alitaka nimwekee spika na "kitu cha kutuliza". Nikamsikilizisha Music for Airports. Akasema vizuri, ipakue tuipige. Nikamwambia hapana, daktari, hii ni mali ya mtu, biashara haiwezi kuichukua tu ikaipiga, na hata tungekuwa na kibali, huyu alitunga kwa ajili ya uwanja wa ndege. Hapa kwako hofu ni nyingine. Mtu anasikia mashine ya kuchimba jino nyuma ya ukuta.

Nikaomba niketi pale mapokezi, nisikilize tu. (Hilo nalo si geni: Eno alipokuwa Ghana alikuwa akikaa barazani jioni na maikrofoni na hedfoni, akisikiliza sauti za pande zote, na mazoea hayo yakaingia kwenye albamu yake On Land ya 1982.) Nilichosikia ni feni, bodaboda nje, nesi akiita majina, na ile mashine ikilia juu, nyembamba. Sikujaribu kuifunika. Nilitafuta noti inayokubaliana na mlio wake, nikaiweka chini kabisa kwenye marimba, nikaongeza kinanda na sauti ya dada yangu anayeimba kwaya, akivuta "mm" bila neno. Lupu tano, namba zisizogawanyika. Mashine ikilia sasa, inaingia ndani ya muziki kama mmojawapo. Nesi akiita, anasikika.

Daktari ameongeza mkataba mwaka wa pili. Anasema televisheni ameipeleka nyumbani. Kuna mzee mmoja aliyekuja kung'oa jino akauliza kama anaweza kukaa kidogo baada ya kumaliza. Niliposimuliwa hilo nilimfikiria yule bosi, siwezi kuwadanganya. Albamu ile iliwahi kufungwa kweli kwenye jengo la abiria uwanja wa LaGuardia, New York, na 1998 kundi la Bang on a Can likaipiga upya kwa mikono, yale yaliyofanywa na lupu. Hakuna anayeenda kupiga upya kwa mikono kelele za "mikono juu".

Kwa hiyo acheni kukimbizana na kinachovuma wiki hii. Kila mtaa una chumba cha kusubiri: kliniki, saluni, benki, ofisi za serikali zenye foleni, hoteli, msikitini baada ya darasa watoto wakisubiri wazazi (hapo uliza kwanza). Ingia, kaa, sikiliza, ndipo utunge. Na nimeshasema punguza? Punguza.

La mwisho ni pesa, maana najua ndilo mnalolisubiri. Usiuze kazi ya namna hii moja kwa moja. Kodisha kwa mwaka, mkataba utaje eneo moja tu, akifungua tawi la pili alipe tena. Kabla faili halijatoka kwenye laptopu yako, lisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, kwa jina lako halisi, si la kisanii. Na spika wanunue wao, risiti ibaki kwao, maana spika ikiungua watakupigia wewe.