Barua kwa mwanangu: mwigizaji aliyerudi jukwaani na miaka 80

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na nimefurahi kwamba ile filamu ya wazee wawili, The Great Escaper ya Michael Caine na Glenda Jackson, imekufanya uniulize jinsi Glenda, mwanamke aliyekwisha kupata Oscar mbili, alivyoweza kuacha uigizaji kwa miaka 23 akakaa katika bunge la Uingereza, kisha akarudi jukwaani akiwa bibi wa miaka 80 kana kwamba alitoka nje kidogo kupunga upepo.

Naamini Glenda hakuwahi kuuona uigizaji kuwa kiti cha enzi cha kukalia. Kwake ulikuwa kazi. Alizaliwa mwaka 1936 huko Birkenhead, ng'ambo ya mto Mersey ukitoka Liverpool, baba yake akiwa mwashi na mama yake akisafisha nyumba za watu, naye mwenyewe aliacha shule akiwa na miaka 16 akauza katika duka la dawa kwa miaka miwili, hadi alipopata ufadhili wa kusomea uigizaji katika chuo cha RADA, London. Chuo nacho hakikumaliza dhiki, kwa maana alipitia vipindi virefu asipate kazi ya jukwaani, mpaka mwaka 1964 alipojiunga na kampuni ya maigizo ya Royal Shakespeare Company na mwongozaji Peter Brook akamwona.

Oscar ya kwanza aliipata kwa filamu ya Women in Love, ya pili kwa A Touch of Class, na hakuhudhuria hafla hata moja kati ya hizo mbili. Sanamu zile alimpa mama yake ambaye, kama alivyosimulia mwenyewe, alizisugua kwa bidii mpaka dhahabu ya juu ikabanduka. (Kisa hicho nakipenda kuliko orodha nzima ya tuzo zake.) Usidhani lakini kwamba kazi yenyewe aliichezea: mwaka 1971, alipoigiza Malkia Elizabeth wa Kwanza katika tamthilia ya BBC, alinyoa nywele za mbele ili paji la uso lifanane na la malkia.

Siasa ilimwita kwa hasira. Sera za Margaret Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza wa miaka ya themanini, zilimchoma, na aliona kwamba mambo aliyofundishwa utotoni kuwa ni maovu, kama uchoyo, sasa yanasifiwa kuwa ni mema. Mwaka 1992 aligombea kwa tiketi ya chama cha Labour katika jimbo la Hampstead and Highgate, akashinda. Baadaye akawa naibu waziri wa uchukuzi kwa miaka miwili, na vita vya Iraq vilipokuja alimpinga waziri mkuu wa chama chake mwenyewe. Mwaka 2010 alikiokoa kiti chake kwa kura 42 tu. Sidhani aliyakosa sana majukwaa katika miaka hiyo, maana alikuwa amelalamika siku nyingi kwamba waandishi wa tamthilia hawamweki mwanamke katikati ya kisa.

Alistaafu ubunge mwaka 2015, na mwaka uliofuata akapanda jukwaa la Old Vic, ukumbi wa maigizo wa London, kuigiza Mfalme Lear mwenyewe, yule mfalme mzee wa Shakespeare, mwanamume, katika onyesho refu ambalo vijana wengi wangelichoka. Kwa maoni yangu, hapo ndipo palipo na jibu lako: waandishi walipomnyima nafasi ya bibi mzee, aliichukua ya babu. Tuzo ya Tony, ya maigizo ya jukwaani ya Marekani, ilifuata New York mwaka 2018 kwa mchezo mwingine, Three Tall Women, na mwaka 2019 akaigiza katika filamu ya televisheni ya Elizabeth Is Missing, akiwa bibi anayepoteza kumbukumbu huku akimtafuta rafiki yake.

Alifariki Juni 2023, miezi michache kabla ya filamu uliyoitazama kutoka. Ukipata nafasi, itafute hiyo ya 2019, kisha uniandikie jinsi ulivyomwona.

Mama yako