Pembe za ndama: usingoje miezi mitatu

Ndugu wa Masindi, umesema ndama wako jike, chotara wa Friesian na Ankole (ng'ombe wetu wa kienyeji wenye pembe ndefu), ana wiki sita na vifundo vya pembe vimeanza kujitokeza. Jirani anakwambia ungoje afike miezi mitatu "apate nguvu kwanza". Mimi nafuga Luweero, upande wa Bombo, na ndama wetu wa maziwa tunawaondoa pembe hapa hapa nyumbani, daktari wa mifugo akiwepo. Usingoje. Mtafute daktari wiki hii.

Mpaka karibu miezi miwili, kile kifundo kiko kwenye ngozi tu. Kishike kwa vidole viwili utakiona kinacheza. Baada ya hapo kinashikamana na fuvu, na pembe ikizidi kukua, ule uwazi ulio ndani ya mfupa wa paji unapanda hadi ndani ya pembe yenyewe. Ukikata wakati huo umefungua tundu la kuingia kichwani: damu inaruka, inzi wanafuata, na usaha ukishaingia humo kuutoa ni shughuli. Kuna jirani huku alikata pembe za mtamba mkubwa kwa msumeno, tena msimu wa mvua. Funza walimsumbua yule mtamba mpaka akakonda.

Ila kwanza jiulize kama kweli unataka kuziondoa. Ukimchanganya asiye na pembe na Ankole wenye pembe zao, yeye ndiye atakayefukuzwa kwenye maji na chumvi, na yeye ndiye atakayechomwa ubavuni. Kwa maoni yangu, wa zizi moja wawe sawa. Sisi tunawaondoa wa maziwa, wanaolala banda moja na kukamuliwa na vijana wa nyumbani. Ankole wa mzee hatuwagusi. (Nenda Kiruhura, kwa wafugaji wa Ankole, umwambie mzee wa huko unataka kumkata Ankole wake pembe, uone utakavyosindikizwa.)

Sasa kazi yenyewe, yaani kukichoma kifundo kwa chuma cha moto. Jambo ambalo wengi wanaliruka ni ganzi, na hilo mimi sikubaliani nalo hata kidogo. Ndama anasikia maumivu vilevile, na akirukaruka utamchoma jicho. Daktari anachoma sindano ya lignokaini, dawa ya ganzi, kila upande, kati ya kona ya jicho na kifundo, chini ya ule ukingo wa mfupa unaousikia kwa kidole. Halafu mnasubiri, kama dakika 10 hivi. Watu wakiwa na haraka hapa ndipo wanapoharibu. Mwambie adunge ngozi kandokando ya kifundo kwa ncha ya sindano; ndama akishtuka, bado. Aongeze pia sindano ya kutuliza maumivu, kama meloksikamu, kwa sababu ganzi inaisha baada ya saa chache na kidonda bado kinauma.

Chuma chetu alitutengenezea fundi wa kuchomelea: nondo yenye ncha iliyochimbwa kama kikombe kidogo, iwezayo kufunika kifundo chote. Tunakitia kwenye sigiri ya makaa hadi kiwe chekundu, kisha tunakijaribu kwenye kipande cha ubao mkavu. Kikiacha duara jeusi papo hapo, kiko tayari. Nywele zinyolewe kwanza, maana zikiungua moshi wake unakufunika macho. Mtu mmoja anabana kichwa cha ndama kwenye paja lake. Chuma kinakaa juu ya kifundo sekunde 10 hadi 15 huku kikizungushwa, bila kukandamiza kwa nguvu. Unachotafuta ni duara kamili la rangi ya shaba kuzunguka kifundo. Pakibaki sehemu isiyobadilika rangi, hapo ndipo kitakapoota kipembe kilichopinda. Maliza kwa dawa ya kupuliza ya vidonda, mpe maziwa yake, kisha mwangalie kila siku mpaka gamba lidondoke.

Ile dawa ya kupaka inayounguza kifundo, ambayo wengine huitumia badala ya chuma, ni ya ndama wa siku chache tu, kwa hiyo wewe umeshapitwa. Halafu mvua ikinyesha inatiririka hadi machoni, na ndama akinyonya inamuunguza mama kiwele.

Kama una mbuzi, usitumie maelezo haya kwao. Fuvu la mwanambuzi ni jembamba, joto linafika kwenye ubongo upesi, na lignokaini ikizidi kidogo inamuua. Hao huondolewa kabla ya wiki mbili, na ni kazi ya daktari, pamoja na kinga ya pepopunda. Kama ni mbuzi wa nyama, mimi ningewaacha na pembe zao.

Na ukija kumpandisha mama yake tena, muulize mhimilishaji, yule anayepandisha ng'ombe kwa mbegu ya mrija, kama anaweza kukupatia mbegu ya dume la asili isiyo na pembe. Kwa ng'ombe, tabia hiyo ina nguvu kuliko ya kuota pembe, kwa hiyo dume aliyeirithi kwa baba na mama atakupa ndama wasio na pembe wote. Kwa mbuzi usijaribu hivyo: beberu na jike wote wakiwa wa asili isiyo na pembe, anaweza kuzaliwa khuntha, yaani mwenye viungo vya dume na jike pamoja.