Mzee hataki kusikia habari za wosia? Anzeni na mipaka ya shamba

Mkuu, umesema mzee wenu ana miaka 74, ana shamba na nyumba mbili, na kila mkigusia wosia anawaambia mnamchuria kifo. Nakuelewa sana. Baba yetu alikuwa vivyo hivyo, na sisi tukanyamaza kwa heshima. Alifariki 2016, Muheza.

Siku ya pili baada ya kuanua matanga tulikaa mkekani tukafungua tranki lake. Risiti za ada zetu za shule ya msingi zilikuwemo, zimefungwa kwa uzi. Hati ya mauziano ya shamba haikuwemo. Kikao cha ukoo kikampendekeza kaka awe msimamizi wa mirathi, tukapeleka muhtasari Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo. Tangazo likabandikwa, hakuna aliyepinga, kaka akateuliwa. Tukadhani tumemaliza, kumbe msimamizi ana miezi minne ya kuwasilisha orodha ya mali na madeni ya marehemu. Orodha ataitoa wapi, na aliyekuwa akijua yote tumeshamzika?

Ile hati ilikuja kuonekana baada ya miezi minane, kwa fundi cherehani rafiki wa baba. Alipewa aitunze wakati paa letu linavuja. Fundi mwenyewe alikuwa akiuguzwa kwa mwanawe Mwanza, hata habari za msiba zilimfikia kwa kuchelewa. Katika miezi hiyo jirani alishang'oa minyaa ya mpakani na kupanda mihogo upande wetu.

Lakini lililoniuma zaidi ni madeni. Alikuja mtu akasema anamdai marehemu laki sita. Hana karatasi, hana shahidi. Kwetu Waislamu deni hulipwa kabla warithi hawajagawana chochote, na hakuna mtoto anayetaka baba yake alale kaburini na deni. Tukachanga, tukalipa. Mpaka leo sijui kama lilikuwa deni la kweli, wala sijui ni wangapi waliodaiwa na baba wakakaa kimya.

Kwa hiyo wosia uandikwe, tena mbele ya mashahidi, na RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wanapokea wosia na kuutunza. Ila wosia unasema nani apewe nini. Karatasi ziko wapi, nani anadai, nani anadaiwa, hayo yanataka daftari. Langu ni kaunta buku la kawaida. Kila kiwanja kina ukurasa wake: nilinunua kwa nani, lini, nani alishuhudia, majirani wa pande nne ni akina nani, hati iko wapi. Kurasa za madeni ninazo mbili, ninayodai na ninayodaiwa, na deni likilipwa nalikata kwa kalamu nyekundu. Nimeandika benki ninazotumia, kikundi cha vicoba, namba ya uanachama wa mfuko wa hifadhi ya jamii. Namba za siri sikuandika. Mwishoni nimeandika nizikwe wapi na nani asimamie ada ya mtoto wa mwisho.

Sasa kwa mzee wenu, neno wosia liwekeni pembeni kwanza. Mimi nilipomwendea baba mdogo nilimwambia, "Baba, naomba unitembeze shambani unionyeshe mipaka, nisije nikadanganywa na watu." Alifurahi! Alinitembeza asubuhi nzima, ananihadithia aliuziwa na nani na mnazi upi ulipandwa na babu, mimi naandika. Jumamosi ya pili akaniuliza mwenyewe mbona sijaandika ng'ombe aliowaweka kwa shemeji yake Handeni. Habari hiyo hata mkewe hakuwa nayo. Daftari mwachieni mzee alishike mwenyewe, asione mmempora mali angali hai. Nyinyi bakini na nakala.

Langu liko juu ya kabati, chini ya mashuka ya wageni. Mke wangu anajua, na dada yangu anajua. Kila Shaabani nalishusha, tunalipitia wote watatu.