Kutoona neno "ngano" hakutoshi

Dada, umeuliza kama biskuti ambazo pakiti yake haitaji ngano zinamfaa mwanao mwenye siliaki, huko Minnesota, yaani ugonjwa ambao utumbo hudhurika kwa gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai. Kwa hilo peke yake, hapana. Sheria ya Marekani humlazimisha mtengenezaji kutaja ngano kama kitu cha mzio. Shayiri na rai hazimo. Kimea cha shayiri hujificha katikati ya orodha ya viambato, kwa herufi za kuumiza macho. Mimi kilininasa kwenye konfleksi! Nilidhani ni mahindi matupu, mpaka tumbo lilipoanza kesi.

Maandishi ya "bila gluteni" ndiyo yenye uzito: kikomo ni miligramu 20 kwa kilo ya chakula, Marekani hata Ulaya. Lile onyo la "huenda ina ngano" ni hiari huko, kwa hiyo lisipokuwepo usifurahi bado. Wapigie simu. Uliza kama mashine hizohizo hupitisha ngano, na kama wanapima kila mkupuo. Wakikujibu tu "viambato vyetu havina gluteni", hujajibiwa. Mimi huiacha pakiti kwenye rafu. Oti zisizo na maandishi hayo, usimpe kabisa.