Ukiunga jengo jipya na nyumba ya zamani ya sanaa, anza na mvua

Tulikuwa tumemaliza chumba kipya cha maonyesho hapa Lubumbashi, kimeegemea nyumba ya matofali ya kuchoma ya wakati wa ukoloni. Ndani ya nyumba hiyo mna picha za wachoraji wa Hangar, shule ya uchoraji ambayo Mfaransa Pierre Romain-Desfossés aliianzisha hapa mjini mwaka 1946. Mvua kubwa ya kwanza ya Novemba ikanyesha usiku. Alfajiri mlinzi akanipigia simu: "Papa, kuya uone. Kibambazi kinatoka mayi." Yaani ukuta unatoa maji.

Nilikuwa nimebana paa jipya la mabati kwenye ukuta wa zamani. Maji yakapenya pale pale, yakashuka ndani ya matofali, yakaishia karibu kabisa na picha za karatasi. Tulizishusha kwa mikono, huku natetemeka. Picha ya namna hiyo ikilowa, hakuna wa kuichora tena.

Tangu siku hiyo, kijana akiniletea mchoro wa kuongeza jengo kwenye nyumba ya sanaa, siangalii sura yake kwanza. Natafuta pale jipya na la zamani linapokutana. Nyumba ya zamani ilishatulia ardhini miaka mingi. Jengo lako jipya litaendelea kuzama kidogo kidogo. Ukiyafunga pamoja, moja litalipasua jingine. Tena msingi wa zamani mara nyingi hauendi chini sana: chimba shimo dogo kwa mkono uuone kabla hujaleta mashine pembeni yake.

Sisi tulilikata paa, tukarudi nyuma mita moja na nusu, tukaunganisha kwa kijia chepesi kinachosimama kwa nguzo zake chenyewe. Mteremko wa paa ukaugeuzia mgongo ukuta wa zamani. Mfereji wa paa tuliweka mpana kuliko ule wa hesabu ya kwanza, maana hapa karibu milimita 1,200 za mvua hushuka katika miezi michache tu.

Wengine huniambia: pita chini ya ardhi, kama jumba la makumbusho ya Afrika la Tervuren, Ubelgiji. Kazi ile naiheshimu sana. Kasri lake, lililobuniwa na Charles Girault, lilifunguliwa mwaka 1910. Mbunifu wa siku hizi, Stéphane Beel, hakuligusa uso, aliweka banda la kioo kando na kuwapitisha wageni chini, penye mtumbwi wa Kongo wenye urefu wa mita 22.5. Jumba lilifunguliwa tena Desemba 2018. Lakini chumba cha chini kinategemea pampu, na pampu inategemea umeme. Umeme wetu hukatika hasa wakati wa mvua kali. Kwa picha za watu wetu, mimi sithubutu.

Kuhusu mtindo nasema machache: usibandike matao ya kuigiza. Hati ya Venice ya mwaka 1964, mwongozo wa kimataifa wa kutunza majengo ya kale, inataka kazi mpya ionekane ni ya wakati wake, nami nakubaliana nayo. Tofali la hapa na ukubwa unaoheshimu mstari wa paa la zamani vinatosha.

Mwanga, huo ndio wengi wanakosea. Vitabu vya Ulaya vinasema dirisha la jumba la picha litazame kaskazini, maana kwao jua hupita kusini na halitakiwi kupiga picha. Sisi tuko kusini mwa ikweta. Sehemu kubwa ya mwaka jua letu linapita upande wa kaskazini! Fungua madirisha kusini, uweke upenu wa kuzuia jua la Desemba, linapohamia upande huo. Picha za karatasi zipewe mwanga wa luksi 50 tu, na usiamini jicho lako, azima kipimo cha mwanga.

Halafu kabla ya mstari wa kwanza, kaa na mlinzi siku nzima ya mvua. Wetu alijua tangu zamani maji yanasimama upande gani wa ukuta ule. Nilimuuliza baada ya kuvuja.