Kani Inayotembea Badala ya Kukimbia

SWALI: Nimesoma kwamba baadhi ya wanafizikia hudhani bozoni ya Higgs, chembe inayohusishwa na asili ya tungamo la chembe nyingine, imeundwa na chembe ndogo zaidi, zilizofungwa na kani “inayotembea” badala ya “kukimbia”. Kani hutembeaje? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, maneno hayo yanaeleza jinsi ukali wa kani unavyobadilika kufuatana na umbali. Kani kali, ile inayofunga kwaki, chembe ndogo zinazounda protoni, ndani ya protoni hiyo, hudhoofika kwaki zinapokaribiana na huongezeka haraka zinapoachana. Badiliko hilo la haraka ndiko kukimbia. Waliolieleza mwaka 1973, David Gross, Frank Wilczek na David Politzer, walipewa Tuzo ya Nobel ya 2004.

Kinachoamua mwendo ni idadi ya aina za kwaki, na hapa ndipo penye uzuri wa jambo lenyewe. Gluoni, chembe zinazobeba kani kali, huukuza ukali kadiri umbali unavyoongezeka, ilhali kila aina ya kwaki huurudisha nyuma kidogo. Tunazozijua ni aina 6. Lau zingekuwa 16, zote zisizo na tungamo, ukali ungepanda kidogo kisha ungetulia, na nadharia ingekuwa na sura ileile katika kila kipimo, kikubwa au kidogo; hali hiyo ndiyo huitwa ukonfomali. Zikipunguzwa hadi chini kidogo ya mpaka wa hali hiyo, ukali hupanda polepole mno katika vipimo vingi, hadi hatimaye unatosha kufunga chembe. Huko ndiko kutembea.

Bob Holdom alipendekeza mwendo huo mwaka 1981 ili kuiokoa teknikala, nadharia ya kani kali mpya iliyobuniwa miaka ya 1970 kueleza asili ya tungamo, ambayo ilitabiri mabadiliko ya kwaki kutoka aina moja hadi nyingine yasiyoonekana katika majaribio. Bozoni ya Higgs ilipogunduliwa CERN, maabara ya fizikia ya chembe huko Ulaya, mwaka 2012, ikiwa na tungamo la GeV 125 hivi (GeV ni kizio cha nishati kinachotumika pia kupimia tungamo la chembe), ilikuwa nyepesi mno kwa nadharia inayoiga tu kani kali tuliyoizoea. Hata hivyo, usawa wa vipimo, yaani ule ukonfomali, unaokaribia kutimia unaweza, unapovunjika, kuacha chembe nyepesi iitwayo dilatoni. Hesabu za kompyuta kuu zilizofanywa Japani na Marekani kwa aina 8 za kwaki zimeonyesha chembe nyepesi yenye spini (mzunguko wa asili wa chembe) sifuri, kama ile ya Higgs, jambo ambalo mimi naliona la kutia moyo sana, ingawa chembe nzito ambazo zingepaswa kuandamana nayo bado hazijaonekana CERN.